Kilo Sita za Bibi

Mwaka jana nilipokuwa Kidato cha Tatu nalichaguliwa kuwa mtunza fedha wa bweni letu. Kila mtu hutoa kidogo, nasi tunanunua sabuni, mafagio na nyembe. Nilijivuna sana. Hata siku moja katika mwezi wa Oktoba nikaishiwa fedha zangu, nikachukua shilingi 3,000 katika sanduku la bweni bila kumwambia mtu. Baada ya wiki mbili nikazirudisha zote. Hakuna aliyejua, nami nikasema moyoni kwamba hakuna aliyeibiwa.

Likizo ya Desemba nilikwenda Uru kwa mjomba wangu, ambaye ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Kahawa ilikuwa ya mwishomwisho, lakini watu walikuwa bado wanaleta, huyu gunia, yule ndoo tu. Mjomba alisoma mzani kwa sauti, mimi nikaandika stakabadhi, kisha nikanakili daftarini. Ukiitazama kazi hiyo waiona nyepesi, ila mgongo huuma.

Jioni tukapima tena kahawa yote ya siku ile. Ikazidi daftari kwa kilo 6. Nikafurahi, nikasema, "Mjomba, afadhali imezidi. Ingepungua ndiyo hasara."

Akavua miwani, akaniuliza, "Imezidi, ni ya nani?"

Tukapitia nakala za stakabadhi moja moja. Tulipofika kwa bibi mmoja mjane tukaona nambari niliyoiandika mbio. Ilikuwa 27, lakini saba yangu ilifanana kabisa na moja, na daftarini nilikuwa nimeiandika 21. (Mwalimu wangu wa Hesabu amekwisha kulalamika juu ya saba zangu.) Nilidhani mjomba atasahihisha tu, twende tukale. Akachukua tochi, akasema twende kwa mwenyewe.

Njia ilipita kando ya mfongo, na mvua ilikuwa imenyesha, basi nikateleza mara mbili. Nilimwuliza kwa nini tusingoje asubuhi. Akaniambia nifikiri habari ya mkulima. Analeta kahawa aliyoilima mwaka mzima, anaiacha ghalani, anarudi nyumbani na kipande cha karatasi na malipo ya kwanza. Mengine atayapata kahawa ikiisha kuuzwa mnadani, labda baada ya miezi. Muda wote huo hana kitu mkononi ila neno la karani.

Katika Historia tulikuwa tumesoma kwamba wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, kikiongozwa na Joseph Merinyo, na kwamba KNCU ilianzishwa mwaka 1933. Niliandika miaka hiyo katika mtihani nikapata alama zangu. Mjomba aliniambia yale ambayo sikuyatilia maanani. Mwaka 1937 bei ilikuwa mbaya, na watu hawakuruhusiwa kuuza kahawa mahali pengine, basi wakashambulia majengo ya vyama vyao wenyewe. Tena mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikaruhusiwa kurudi kwa sheria ya mwaka 1982. Mzani uliporudi, akasema, wazee wengine walikuja kwanza kuutazama tu, mikono mitupu.

Tulimkuta bibi anapika ndizi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba. Mjomba akamweleza kosa, akamwomba alete karatasi yake, akamsomea. Bibi akauliza ni nani aliyeandika. Nikainamisha kichwa. Mjomba akajibu, "Ni mtoto huyu, lakini daftari ni langu, mama. Kosa ni langu." Kisha akasahihisha mbele yake, na jirani aliyekuwapo akashuhudia.

Bibi hakutushukuru sana. Alitupa ndizi, akasema kahawa yake iliyobaki ataileta Jumatatu.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu ya zile shilingi 3,000. Nilikuwa nimezirudisha, ni kweli, lakini wenzangu walikaa wiki mbili wakidhani sanduku lao ni zima, na mimi ndiye niliyewaacha wadhani hivyo.

Shule ilipofunguliwa nikalieleza bweni habari yote. Wengine walicheka. Mmoja, ambaye nilimhesabu kuwa rafiki yangu mkubwa, alikasirika kuliko wote, akasema, "Ungeniomba mimi." Mpaka leo hajanizoea kama zamani, wala simlaumu. Wakapiga kura, ufunguo wa sanduku ukapewa mwingine, lakini wakaniachia daftari, kwa sharti kwamba nilisome kwa sauti kila Jumamosi.

Sasa niko Kidato cha Nne, na desturi hiyo ingalipo. Wiki mbili zilizopita daftari na sanduku vilitofautiana kwa shilingi 200. Sanduku lilikuwa limezidi. Mwenye ufunguo alitaka tuziweke tu, zitasaidia kununua wembe. Tukakaa juu ya kitanda chake, tukahesabu mpaka kengele ya kulala ikalia. Mtoto wa Kidato cha Kwanza alikuwa ametoa mara mbili, naye alikuwa anaona haya kusema.