Kamba yenye Mafundo Mawili

Ukisimama juu ya vilima vya Masisi alfajiri, huoni ng'ombe wala malisho. Waona ukungu mweupe tu. Huko milima mingine hupita mita 2,000 juu ya bahari, na usiku baridi huingia mpaka mifupani. Watu hulala karibu na moto, na wazee hawatoki nje mpaka jua lipande. Lakini shuka upande wa magharibi, ufuate maji ya mto Lowa, nawe utafika Walikale. Hapo ni nchi ya msitu mkubwa. Joto ni jingi, na mtoto hulala bila blanketi. Mto ni ule ule mmoja, lakini watu wa juu na watu wa chini hawavai nguo moja.

Katika kijiji kimoja cha Walikale alikaa msichana wa miaka 12 pamoja na wazazi wake. Walikuwa wametoka Masisi. Tangu mwaka 1993 watu wa Masisi na wa Walikale wamekimbia vita mara nyingi, hawa wakishuka, wale wakipanda, na jamaa nyingi zimegawanyika kwa sababu hiyo. Nyanya wa msichana, mama wa baba yake, hakukubali kuondoka. Alisema miguu yake haiwezi tena safari, tena maharagwe yake yako shambani, nani atayavuna? Akabaki mlimani pamoja na shangazi.

Siku moja shangazi alipiga simu. Alisema nyanya hajambo, ila usiku anatetemeka, kwa maana triko yake ya zamani imetoboka mgongoni na viwikoni. (Triko ndiyo nguo ya kufumwa ambayo watu wa nchi nyingine huiita sweta.) Msichana alisikia maneno hayo. Akasema, "Baba, nitamfumia nyingine." Baba akacheka kidogo, kisha akaona mtoto hachezi.

Aliyemfundisha kufuma ni nyanya huyo huyo. Naye nyanya alijifunza kwa masista alipokuwa mtoto, maana zamani za Wabelgiji masista wengi wa misioni waliwafundisha wasichana kushona na kufuma pamoja na kusoma. Hata sindano zilikuwa za nyanya: sindano mbili za mwanzi wa mlimani, alizozichonga kwa kisu na kuzisugua kwa majani ya msasa mpaka zikateleza kama mfupa. Siku ile ya kukimbia, wengine walibeba sufuria na magodoro. Msichana alibeba sindano.

Lakini uzi utoke wapi? Kondoo wa Kivu wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokota. Basi mama alimpeleka sokoni, kwenye marundo ya nguo kuukuu zinazotoka Ulaya. Msichana alichagua triko mbili kubwa za kiume, moja ya kijivu, moja nyekundu. Kabla ya kulipa, aliomba avute uzi mdogo wa kila moja, na mama akauchoma kwa kiberiti. Uzi wa kijivu ulinuka kama nywele zilizoungua, moto ukazimika wenyewe, na majivu yakasagika kwa kidole. Hiyo ni sufu ya kweli. Uzi mwekundu uliyeyuka, ukafanya tone gumu jeusi. Huo ni uzi wa kiwandani, jamaa ya plastiki. Wakainunua ile ya kijivu, wakarudisha nyekundu, wakatafuta tena mpaka wakapata nyingine ya sufu, ya rangi ya kahawa. (Ninyi msifanye jaribio hilo pasipo mtu mzima, wala karibu na nguo za mchuuzi!)

Kwa nini kusumbuka hivyo? Kwa sababu sufu ina kazi yake. Kila kitanzi cha nguo iliyofumwa hushika hewa kidogo ndani, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo izuiayo joto la mwili lisitoroke. Tena sufu hunywa unyevu mwingi kabla mtu hajajisikia kuloa. Katika ukungu wa Masisi hilo si jambo dogo.

Nyumbani alifumua zile triko mbili. Kazi hiyo yataka subira kuliko kufuma. Ukikata mahali pabaya wapata vipande vya uzi mia, wala hupati uzi mmoja. Lazima kwanza kutafuta mshono wa ubavuni, kuufungua pole pole, kisha kuutafuta uzi wa mwisho pale shingoni na kuvuta kutoka juu kwenda chini. Uzi uliotoka ulikuwa umejikunja-kunja kama nywele za mtoto. Akauzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga, akaufua, akautundika na jiwe chini yake mpaka ukanyoka.

Sasa kipimo. Baba alimwambia shangazi kwa simu, naye shangazi akafanya kama wafanyavyo watu wa zamani. Alichukua kamba nyembamba, akamzungushia nyanya kifuani, akapiga fundo. Kisha akapima tangu begani mpaka kwenye kiganja, akapiga fundo la pili. Kamba ikasafiri na mama mmoja mchuuzi, aliyekuwa akipeleka mawese Masisi na kurudi na maharagwe na jibini. Ilichukua siku nyingi kufika, kwa sababu njia ilikuwa mbaya, na mahali pengine ilifungwa na askari.

Msichana alipoipata aliinyosha juu ya rula. Kutoka ncha mpaka fundo la kwanza: sentimeta 80.

"Haiwezekani," akasema. Yeye alimkumbuka nyanya mwenye mgongo mpana, aliyembeba mpaka shambani na kurudi, na kikapu cha viazi juu ya kichwa. Nyanya huyo hawezi kuwa sentimeta 80! Aliwaza kwamba shangazi amevuta kamba mno, au kwamba njiani mtu amekata kipande akafungie mzigo wake. Basi akaiweka kamba mfukoni, akafuata kumbukumbu yake. Katika kitambaa kidogo alichofuma kwanza kwa kujaribu, vitanzi 20 vilifanya sentimeta 10. Akaanzisha mgongo wa triko kwa vitanzi 100, yaani sentimeta 50.

Alifuma jioni, kazi za shule na za maji zikiisha. Jasho lilimtoka, uzi ulishika vidole. Watoto wa jirani walimcheka: "Wewe, unamfumia nani? Hata mbuzi wa huku hawezi kuvaa hiyo!" Hakujibu. Ni vigumu kweli kufuma nguo ya baridi mahali pa joto. Mikono yafanya kazi hapa, na moyo lazima ukae kule, la sivyo utafuma vitanzi vilegevu kama wavu wa samaki, kwa kuwa mwili wako wewe hauoni haja.

Wala si yeye wa kwanza kukaa hivyo na sindano mkononi akimfikiri mtu wake. Karibu na mwaka 1400 mchoraji mmoja Mjerumani, Bertram wa Minden, alichora picha ya Bikira Maria akifuma. Picha hiyo imo mpaka leo katika nyumba ya sanaa ya Hamburg. Mama ameketi, ana sindano nne, na kanzu ndogo imekaribia kwisha, amebakiza shingo. Mtoto Yesu amelala majani na kitabu chake. Lakini malaika wamekuja wakiuchukua msalaba. Waumini wa zamani walielewa mara moja: kanzu ile ya mtoto ndiyo waliyoikumbuka katika Injili ya Yohane, sura ya 19, kanzu isiyo na mshono, ambayo askari hawakutaka kuipasua wakaipigia kura. Mchoraji alitaka tuone kwamba mama ndiye aliyeifuma. Hakutumia sindano mbili, maana kwa sindano nne unafuma kwa kuzunguka, na nguo haina mshono wowote. Huyo Bertram, kumbe, alikuwa amewatazama vizuri wanawake wakifuma.

Turudi Walikale. Mgongo wa triko ulipofika mistari 40, mama aliuchukua akautazama. Akauliza, "Kamba iko wapi?" Msichana akaitoa mfukoni, akaeleza habari ya mtu aliyekata kipande njiani. Mama alinyamaza. Kisha akamwita karibu, akamzungushia kamba ile yeye mwenyewe, mtoto wa miaka 12, chini ya kwapa. Kamba ilimtosha, ikazidi kwa vidole vinne tu.

"Mwanangu," mama akasema, "hakuna aliyekata kamba. Fundo la kwapani ni la shangazi yako, namna yake ya kufunga naijua. Nyanya amekonda."

Msichana hakulia mbele ya mama. Alitoka akaenda mtoni, akakaa juu ya jiwe mpaka giza likaingia. Maji ya Lowa yalikuwa mekundu kwa udongo wa milimani. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha.

Asubuhi alichomoa sindano, akavuta uzi. Mistari 40 iliondoka kwa muda mfupi kuliko kukaanga mihogo. Akahesabu upya: 80, ongeza 8 ili nguo isibane, ni 88, nusu yake kwa mgongo ni sentimeta 44, yaani vitanzi 88. Mbele akafuma vipande viwili vya vitanzi 44 kila kimoja, kwa sababu mzee hawezi kuinua mikono avae nguo ya kupitia kichwani. Sasa alikaza vitanzi. Alipoona sufu inatosha, akafuma mgongo mara mbili kwa unene pale juu, katikati ya mabega, mahali anapolalamikia nyanya. Mikono ya kijivu, kifua cha rangi ya kahawa. Alipiga vifungo vitano alivyovitoa kwenye shati la baba lililochakaa. Kazi yote ilichukua karibu miezi mitatu.

Mama mchuuzi aliipokea, akaifunga ndani ya plastiki mbili ili isiguse mawese, akaipakia kwenye pikipiki. Kisha wakangoja. Jumapili ya kwanza hakuna habari. Ya pili hakuna. Njia ilikuwa imefungwa tena, na baba alisikiliza redio kila jioni bila kusema neno.

Jumapili ya nne simu ililia. Hakuwa shangazi. Nyanya mwenyewe alikuwa anapiga kelele, kama wazee wafanyavyo, wakidhani simu ni bonde la kuvukisha sauti.

"Imefika! Nimelala nayo siku tatu!"

"Inakutosha, nyanya?"

"Inanitosha. Mikono sawa, mgongo sawa. Lakini hivi vifungo, mjukuu wangu! Umenipimia mwili, hukunipimia vidole. Ni vidogo kama mbegu za papai. Shangazi yako ndiye ananifunga kama mtoto mchanga!"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Msichana naye akacheka, kisha akaenda kutafuta kisu. Matundu ya nguo iliyofumwa huvutika, kwa hiyo hakuna haja ya kuyafumua. Vifungo vikubwa vitapita. Alichonga vitano kwa mti mgumu wa msituni, vipana kama sarafu, akavisugua, na baba akavitoboa kwa msumari wa moto. Halafu aliichukua ile kamba ya kipimo, akavitunga vyote humo, akapiga fundo la tatu visidondoke, akampelekea mama mchuuzi kabla hajaondoka.