Wadi Shab: kiongozi aliyekataa kutuongoza

Watu wa bara hudhani kwamba mtoto wa kisiwani huzaliwa akijua kuogelea. Mimi nimezaliwa Unguja, katika nyumba ambayo usiku wa bamvua tukiisikia bahari tukiwa vitandani, na nimefika umri wa miaka 43 bila ya kujua hata kuelea.

Sababu yake si ndefu kueleza. Nilipokuwa na umri wa miaka 9, mdogo wangu alichukuliwa na maji akicheza ufukweni na wenziwe. Akazikwa siku ile ile baada ya Alasiri. Tangu hapo marehemu baba hakumruhusu mtoto wake yeyote, wa kiume wala wa kike, kuingia baharini kupita vifundo vya miguu. Baba alikuwa mtu aliyesoma. Usemi mashuhuri unaonasibishwa kwa Sayyidna Umar (R.A.), wa kuwahimiza wazazi wawafunze watoto wao kuogelea, aliujua vyema, na nimemsikia akiwaeleza wanafunzi wake. Nyumbani kwetu hakuutaja. Nami nilipoolewa na kujaaliwa watoto, hofu ile niliitoa katika nyumba ya baba na kuiingiza katika nyumba yangu, na wanangu wakakua kama nilivyokua.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni tulipokwenda Omani katika likizo ya Disemba, kumzuru mama mdogo anayeishi Maskati. Binti yetu, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa ameona picha za Wadi Shab, akaniomba jambo moja tu katika safari nzima: tuingie sote, na mimi nikiwemo.

Wadi, kwa Kiarabu, ni bonde la mto ambalo aghalabu huwa kavu na hujaa mvua inyeshapo. Wadi Shab ni miongoni mwa zile zenye maji mwaka mzima. Iko katika pwani iendayo Sur, karibu na mji mdogo wa Tiwi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Maskati. Milima ya Hajar ya Mashariki imeikaribia mno bahari mahali hapo, na maji yameikata chokaa yake kwa dahari nyingi hata yakafanya korongo lenye kuta ndefu pande zote mbili. Katika nchi za Ulaya upo mchezo mzima wa kushuka makorongo ya namna hiyo kwa kamba, kwa kuruka na kwa kuogelea, na siku hizi Omani nayo ina viongozi wanaowapeleka wageni. Sisi tulichagua njia iliyo nyepesi: kwenda kwa miguu, kisha kuogelea kutoka bwawa moja hadi jingine mpaka kwenye pango lililo mwishoni. Ni nyepesi kwa ajuaye maji.

Kiongozi wetu alikuwa mtu wa pale pale Tiwi, wa umri wa miaka 30 na kitu, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake: cha polepole, chenye maneno ambayo vijana wetu wa leo hawayatumii tena.

Tulifika kwenye mdomo wa wadi asubuhi, jua limechomoza na bahari imetulia nyuma yetu. Yeye hakuitazama bahari. Aliitazama milima, ambako juu kabisa palikuwa na wingu moja la kijivu lisilotushughulisha sisi. Akampigia simu jamaa yake anayeishi kijiji cha juu, akasikiliza, kisha akatujia.

"Leo hatwendi, mama."

Mume wangu hakufurahi. Tulikuwa tumetoka Maskati baada ya sala ya Alfajiri, malipo tumekwisha kutoa, na siku zetu za likizo zilikuwa za kuhesabu. Alimwonyesha mbingu iliyokuwa samawati tupu juu ya vichwa vyetu. Yule kijana alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akasema: "Malipo yako nitakurejeshea sasa hivi, baba. Lakini leo siingii mimi, wala simwingizi mtu."

Ndipo alipotueleza. Milima ile ni mawe matupu. Haina msitu wala udongo mwingi wa kunywa mvua, basi tone lote liangukalo juu huteremka. Mvua yaweza kunyesha mbali, mahali usipopaona wala kusikia radi yake, na baada ya muda maji yakakufikia katika korongo ukiwa chini ya mbingu safi. Katika uwanda, mafuriko hutandaa na mtu hupata pa kukimbilia. Katika korongo hayana pa kutandaa isipokuwa juu. Dalili zake, alisema, ni maji kubadilika rangi, majani na vijiti kupita kwa wingi, na mvumo wa ghafla. Na mwenye kuzingoja dalili hizo akiwa katikati ya kuta mbili huwa amechelewa.

Nikiri kwamba nilipumua. Kisha nikaona haya, maana binti yangu aliyaona mapumzi yale.

Ili siku isipotee tulishika njia ya kusini mpaka Qalhat, mji wa kale ambao leo ni magofu, na ambao tangu mwaka 2018 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichobaki kusimama ni kaburi lenye kuba liitwalo la Bibi Maryam, na mabaki ya msikiti unaonasibishwa naye. Msikiti huo Ibn Battuta aliuona ukiwa mzima na akausifu, alipopita pwani hii baada ya kuizuru Kilwa yetu mwaka 1331. Miji hii miwili ilipata msiba mmoja: Wareno waliishambulia Kilwa mwaka 1505 na Qalhat mwaka 1508.

Mume wangu, mpenzi wa tarikhi, alitusimulia jinsi msafiri yule alivyofika Qalhat. Aliiona kwa mbali kutoka Sur, akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu pamoja na mwenzake. Wakakodi mtu wa kuwaongoza. Walipofika kwenye hori la bahari, yule mtu akataka wavuke majini, naye ndiye aliyechukua nguo zao. Ibn Battuta aliingiwa na shaka, akakataa, akapanda juu kutafuta pa kuvukia. Baadaye wakawaona watu wakilivuka hori lile kwa kuogelea, wakafahamu kwamba kiongozi wao alikusudia wazame ili ajichukulie mali yao. Alifika mjini akiwa na miguu iliyovimba, lakini akiwa hai.

Mume wangu alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba huyo aliwahimiza watu waingie, na wetu amekataa tusiingie. Hakusema zaidi, wala haikuhitajika.

Tulirudi Tiwi kabla ya Magharibi. Mdomo wa wadi, uliokuwa kijani asubuhi, ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Makuti ya mitende yalikuwa yakipita, na vile vijidau vya kuvushia watu vilikwisha kuvutwa juu na kufungwa. Hapakuwa na kishindo wala msiba wa kusimulia. Yalikuwa maji ya udongo yakienda kwa haraka mahali ambapo sisi tungalikuwa. Mume wangu aliteremka garini, akaenda kumpa mkono yule kijana.

Tuliingia siku ya nne, maji yalipokwisha kutua. Tulianza mapema ili kukwepa msongamano, na hapa nitawaeleza akina mama jambo la mavazi, kwani ndilo ninaloulizwa zaidi. Wenyeji wa pwani ile ni watu wa heshima, na mgeni hutakiwa ajistiri. Mimi na binti yangu tulivaa mavazi ya kuogelea yafunikayo kichwa mpaka vifundo, na juu yake kanzu fupi nyepesi. Baibui kiongozi alitukataza kabisa. Alisema nguo pana ikilowa humwelemea mtu, humfunga miguu na huweza kunasa kwenye jiwe. Kila mmoja wetu alipewa helmeti na jaketi la kuelea, naye akavuta kila mkanda kwanza kwa mume wangu na mwanangu wa kiume, kisha akamwelekeza mume wangu atuvutie sisi.

Dau lilituvusha kidimbwi cha mdomoni, chini ya daraja refu la barabara kuu. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika 45 hivi kwa miguu, kwanza kati ya migomba na mitende, kisha kwenye njia nyembamba ubavuni mwa jabali, sambamba na mfereji wa falaj unaonywesha mashamba. Maji yale mtu aliyachonga njia zamani, akayaongoza yakamlisha. Nilitembea nikilifikiri hilo: pwani moja, maji yale yale, wengine wamejifunza kuyaongoza na sisi tulijifunza kuyakimbia tu.

Njia ilipokwisha, tuliingia majini. Baridi ilinishika kifuani na pumzi ikanipotea. Kiongozi alinifundisha nilale chali, nitazame juu, niyaache masikio yazame. "Jaketi limekubeba, mama. Wewe usishindane nalo." Nilielea. Nilikuwa naona utepe wa mbingu kati ya kuta mbili, na nilimkumbuka ndugu yangu kuliko nilivyomkumbuka kwa miaka mingi.

Mabwawa ni kadhaa, mengine ya kina, mengine ya kutembea juu ya mawe. La mwisho laonekana kama limefungwa na jabali, lakini liko ufa ambao juu ya maji hauzidi sana upana wa kichwa cha mtu. Kiongozi alitangulia peke yake kuuangalia, akafunga kamba ya kushikilia, akarudi. Mume wangu na mwanangu walipita. Nikabaki mimi na binti yangu. Nilipiga shahada, nikashika kamba. Ndani mwake sauti ya maji huwa kubwa, na jiwe hukugusa mashavu yote mawili. Nilisimama katikati, siwezi kwenda wala kurudi. Nyuma yangu nikasikia, "Mama, vuta pumzi, halafu hatua moja." Sauti yake haikuwa ya hofu. Nilivuta pumzi, nikaenda.

Ndani ni pango lililo wazi kwa juu, na mwanga ukiingia huyageuza maji kuwa zumaridi. Maporomoko yanashuka kwenye kona, na ipo kamba ambayo vijana huipanda kisha wakajirusha. Mwanangu aliitazama kamba, kisha akamtazama kiongozi, akatikisiwa kichwa. Hapana.

Tulipokuwa tukirudi ndipo binti yangu alipoliomba jambo niliyekuwa nikiliogopa: aruke kutoka kwenye jiwe lililo juu ya bwawa, kimo cha mtu mmoja na kidogo zaidi. Kiongozi hakusema ndiyo wala hapana. Alipiga mbizi. Akazama mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaibuka akiwa amenyanyua mkono kuonyesha mahali. "Hapa pana jiwe. Wiki iliyopita halikuwapo." Mafuriko ya juzi yalikuwa yameliviringisha. Alitueleza kwamba sakafu ya wadi hubadilika kila maji makubwa yapitapo, na kwa hiyo aliyeruka salama mwezi uliopita hana ushahidi wowote kwa leo. Alipiga mbizi upande wa pili, akaridhika, kisha akanitazama mimi.

Baba hangeruhusu. Nilimpenda na ninamuombea, na sina neno la kumlaumu mzazi aliyezika mtoto. Lakini nilikuwa nimeona mambo ambayo yeye hakujaaliwa kuyaona: mtu anayeyajua maji, ambaye amekataa mara mbili, na sasa anasema hapa panafaa. Nikaitikia. Binti yangu alisema Bismillahi, akaruka, akaibuka anacheka.

Juu ya jiwe bapa tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kwa wudhu wa maji yale yale. Nilimuombea baba, nikamuombea na mdogo wangu.

Sote tunakijua kisa cha yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kutawakali, naye Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kwanza. Kwa miaka mingi nilidhani mimi ni katika waliofunga. Kumbe nilikuwa nimemuuza ngamia, nikaketi nyumbani. Na yuko wa upande wa pili, anayempeleka mwanawe majini bila ya kuuliza lolote, akasema Mungu yupo.

Basi mzazi atakayeipeleka familia yake mahali kama pale, kabla ya kutoa malipo, na amuulize kiongozi maswali manne. Je, hali ya hewa ya milimani ameitazama leo? Maji yakija, pa kupandia ni wapi? Kila mtu ana jaketi la kuelea la kimo chake? Na mara ya mwisho kuahirisha safari ilikuwa lini? Asiyewahi kuahirisha, msimpe watoto wenu.

Tangu turudi, mimi na binti yangu tunajifunza kuogelea. Huku Unguja wapo wanawake wanaowafundisha wanawake wenzao, nao wote wamejistiri. Mwalimu wangu ni mdogo kwangu kwa miaka 20. Jumamosi iliyopita niliogelea bila ya jaketi, hatua kumi hivi, katika ufuo ule ambao nyumbani kwetu haukutajwa.