Tone la Oili na Kosa la Mgawanyo

Gari langu, Land Rover ya mwaka 1974, lilikuwa likidondosha oili kila nilipoliegesha uani kwangu Njombe. Tone liliangukia nyuma ya injini, inapoungana na giaboksi. Kwa kuona tone tu, nikakata shauri kwamba sili ya nyuma ya krenkishafti imekufa. Kuibadili ni kazi nzito, kwani giaboksi haina budi kufunguliwa. Nikaanza kuweka akiba.

Siku moja nilifika Makambako, njia ya Njombe inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia, nikamwonyesha fundi mmoja mzee. Hakugusa spana. Aliosha injini iliyopoa kwa mafuta ya taa, akaikausha, kisha akauliza, "Mwalimu, huna chaki?" Tukasaga chaki, akaipaka injini unga wake. Tukaenda mwendo mfupi, tukarudi, akafunua boneti. Juu kabisa, kwenye ukingo wa kava ya tapeti, unga ulikuwa umelowa. Toka hapo mchirizi mweusi ulishuka nyuma hadi chini.

"Oili huteremka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma," akasema. "Anza kutafuta juu."

Akazibua bomba la kupumulia, maana likiziba, hewa ya ndani hukosa njia na kuisukuma oili kwenye maungio. Akaweka gasketi mpya, akakaza nati kwa kiasi. Ukizidisha, gasketi hupasuka.

Njiani nilimkumbuka mtoto mmoja wa Darasa la Nne. Alipogawanya 612 kwa 6 aliandika 12. Kwa majuma mawili nilimrudisha kwenye mgawanyo uleule, hata nikamwita mzembe mbele ya wenzake. Kesho yake nilimwambia aandike mia sita na mbili. Akaandika 62. Kumbe tone lilikuwa katika mgawanyo, lakini ufa ulikuwa katika thamani ya nafasi: hakujua kwamba sifuri hushika nafasi ya makumi. Tukarudi kwenye vijiti na mafungu ya kumi na ya mia. Nami nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile.

Ndugu mwanachuo, usikimbilie kufungua giaboksi. Futa kwanza dhana zako, kisha mpe mtoto mazoezi mafupi, moja kwa kila hatua, ukianzia kwenye msingi. Kalamu nyekundu huonyesha tu tone lilipoangukia, haionyeshi linakotoka.