Mzigo wa Mjamzito ni wa Nyumba Nzima

Akina mama wenzangu, hapa kwetu Chidya mtoto mchanga akilia usiku na mchana hakosekani wa kusema amerogwa, au kwamba mama yake ana roho mbaya. Mimi ni muuguzi, na mara nyingi akina mama huniuliza: "Nesi, mbona huyu hatulii kama kaka yake?"

Kwanza mtoto apelekwe kliniki, maana huenda ana njaa au ni mgonjwa. Akionekana mzima, tuulize pia: mama aliibebaje mimba hiyo?

Mama akiwa na hofu au huzuni, mwili wake hutoa kwa wingi homoni iitwayo kotisoli. Kondo la nyuma huizuia kwa sehemu kubwa, lakini nyingine humfikia mtoto. Januari 1998 dhoruba ya barafu ilikata umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, nyumba nyingine kwa wiki kadhaa, katikati ya baridi kali. Wataalamu waliwafuatilia wanawake waliokuwa wajawazito. Watoto wa wale waliotaabika zaidi walielekea kuwa wagumu kutulizwa walipofika miezi sita.

Sisi hatuna barafu. Tunayo miezi ya njaa kabla ya mavuno, ndoo ya maji ya kutoka mbali, na malipo ya korosho yanapochelewa, kama msimu wa 2018. Na wengine wana mume arudiye na matusi.

Hata hivyo mama, usijilaumu. Si kila mimba yenye taabu huleta mtoto msumbufu, na wapo wanaolia sana ingawa mama zao walitulia. Tena mtoto wa namna hiyo husaidika akibebwa, akinyonyeshwa na kusemeshwa kwa upole.

Injili ya Luka, sura ya 1, yatueleza kwamba Mariamu alipochukua mimba alisafiri hadi milimani kwa Elisabeti, akakaa naye karibu miezi mitatu. Basi nasi tumfanyie hivyo mjamzito aliye jirani. Mchotee maji. Kama ni mkweo, mpunguzie maneno. Mwambie mumeo naye abebe kuni. Na ukiona amekosa usingizi na furaha kwa wiki mbili mfululizo, usiishie kumwombea tu; msindikize kliniki, ukae naye mpaka aonane na muuguzi.