Ukipinduka, Mwenzako Atakushika?

Kisongo ni pakavu: vumbi, ng'ombe wa Wamasai, Mlima Meru kwa mbali. Lakini uwanja wa ndege wa Arusha uko hapo, na ndipo wengi hupanda ndege ndogo kwenda Zanzibar kwa fungate. Kayaki ikiwa kwenye ratiba yenu, someni hapa kwanza.

Baharini ukipinduka, usiachie kayaki yako hata kidogo. Upepo utaipeleka haraka kuliko unavyoogelea. Kama ni ile ya kuingiza miguu ndani, mwenzako anaweka yake mkingamo kama herufi T, anavuta omo la yako juu ya yake maji yamwagike, anaigeuza. Kisha anazilaza sambamba na kuishikilia kwa nguvu huku wewe ukipanda kwa tumbo. Inachosha, na walionuniana tangu asubuhi wasijaribu!

Mtoni, tuseme Nile pale Jinja, hakuna nafasi ya hayo yote. Mkondo unakuvuta kwenye mawe. Lala chali, miguu itangulie, wala usisimame: mguu ukinasa, maji yatakulaza chini. Mwenzako akusogezee omo ushike, au aliye ukingoni akurushie kamba. Kayaki itafuatwa baadaye. Ikipotea, ipotee.

Mazoezi? Nendeni Ziwa Duluti, Tengeru, maji yametulia. Vaeni majaketi ya kuokolea, awepo mzoefu, pindukeni makusudi, tena kwa zamu. Mwenye nguvu asiwe mwokoaji kila mara, maana huko Zanzibar anaweza kupinduka yeye.