Kuuliza Njia

Katika mambo ambayo mtu aliyesoma huona haya kuyafanya, kuuliza njia ni mojawapo. Mtoto huuliza bila ya aibu, mgeni huuliza kwa kuwa hana budi, na mzee huuliza ili apate na mazungumzo. Bali mtu wa makamo, tena aliyefundisha wengine kwa miaka mingi, hupenda kudhaniwa kuwa ajua aendako. Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo, na simu ya mkononi ilinisaidia kuificha aibu yangu, maana simu huulizwa kimyakimya na haicheki. Nataka kueleza jinsi nilivyoiacha tabia hiyo, au tuseme nilivyoipunguza, kwani sijaiacha kabisa.

Masika ya mwaka 2018 yalikuwa mazito katika Dar es Salaam. Katikati ya mwezi wa Aprili mvua ilinyesha mfululizo, mabonde yakajaa, na watu walikufa. Usiku mmoja wa siku hizo nilikuwa Tandale kwa mama mdogo, ambaye ana ugonjwa wa pumu. Yapata saa nne kifua kilimbana, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Nikatoa simu, nikafungua ramani, nikaandika "duka la dawa." Ramani ilinijibu kwa nukta mbili tu, zote za mbali, moja yao ikiwa Kigamboni, ng'ambo ya maji. Nikaandika neno la Kiingereza lenye maana ileile: papo hapo nukta nyekundu zikachipuka kama uyoga. Ya kwanza katika orodha ilikuwa mita 350 tu kutoka nilipokaa. Nikachukua mwavuli, nikatoka bila ya kusema na mtu.

Mita zile 350 zilikuwa za hewani. Baina yangu na duka ulipita Mto Ng'ombe, ambao siku za kiangazi ni kijito cha maji machafu, lakini usiku ule ulikuwa ukinguruma na kubeba mabati na magodoro. Kivuko cha mbao nilichokitegemea hakikuwapo. Nikazunguka hata barabara kuu, nikatembea katika tope muda wa dakika arubaini, nikafika mahali palipoonyeshwa na nukta, nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli na taa imezimwa. Nikarudi, moyo ukinidunda kwa hofu ya nitakayoyakuta. Nilimkuta mama mdogo ameketi kitandani, anapumua, dawa i mkononi mwake. Binti wa jirani alikuwa ametoka kwa mlango wa uani, akapita nyuma ya msikiti, akabisha dirisha la mama mmoja auzaye dawa nyumbani mwake, akarudi kabla mimi sijaufikia mto. Mama mdogo alinitazama nilivyolowa, akasema, "Mwanangu, umesoma hata ukaitwa daktari, na hukuuliza?"

Sikuwa na jibu. Tena neno lile "daktari," likitamkwa katika chumba cha mgonjwa, liliniuma kuliko swali lenyewe, maana udaktari wangu ni wa maneno, na maneno hayafungui kifua.

Fikira ya kwanza iliyonijia asubuhi ilikuwa kuilaumu ramani. Lakini si haki kumlaumu shahidi kabla ya kujua aliyoyaona. Nikamwendea kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, nikamwomba anieleze jinsi swali la mahali linavyojibiwa. Alinieleza kwa adabu na subira, kama mimi nilivyomweleza zamani ngeli za majina. Kila mahali duniani, alisema, pana tarakimu mbili: moja ya kusini au kaskazini ya Ikweta, na moja ya mashariki au magharibi ya Greenwich. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 6.8 za kusini na nyuzi 39.3 za mashariki, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Picha ya ramani nayo si moja, bali ni vigae vya mraba vilivyopangwa kama sakafu. Ukiutazama ulimwengu mzima kutoka mbali, kigae kimoja chatosha. Kila ukikaribia hatua moja, kila kigae hugawanyika kuwa vinne, hata katika hatua ya 18 vingehitajika vigae zaidi ya bilioni 68 kuifunika dunia. Simu haivichukui vyote. Huchukua vile tu vinavyojaza kioo chako. Na aghalabu majibu hufuata mwendo huohuo. Mashine hutafuta katika orodha yake majina yanayolingana na neno ulilouliza, hubakiza yale yaliyomo ndani ya dirisha unalolitazama, hupima umbali wa kila moja kwa mstari ulionyoka, huyapanga kwa ukaribu na kwa sababu nyingine ambazo wenye biashara huzijua, kisha huchomeka nukta.

Basi nikafahamu kwamba ramani haikusema uongo. Niliiuliza kilicho karibu, ikanipimia kwa hewa. Habari ya mto haikuulizwa, habari ya saa ya kufunga haikuambiwa, na dirisha la nyuma ya msikiti halikuwamo katika orodha yake. Kilichonisumbua zaidi mimi, kwa kazi yangu, ni kwamba swali langu la Kiswahili lilikaribia kurudi mikono mitupu, na swali la Kiingereza likajaziwa pakacha.

Nikawakusanya wanafunzi sita waliopenda, tukaazimia kutengeneza kijiramani kitakachoweza kuulizwa maduka ya dawa ya mtaa ule kwa Kiswahili. Siku ya kwanza tulipata aibu ya namna yake. Nukta zetu zote ziliangukia magharibi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, kwa sababu aliyeandika tarakimu alitanguliza za mashariki pale ambapo programu ilitaka za kusini. Tukageuza. Mara hii zikapanda milima ya kusini ya Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, kwa kuwa alama ya kutoa ilisahauliwa. Duka moja ambalo halikuandikiwa tarakimu yoyote lilizama katika Ghuba ya Guinea, mahali ambapo Ikweta hukutana na mstari wa Greenwich. Wanafunzi walicheka hata machozi. Nami nilicheka, ila kwa kiasi, nikimwaza mama mdogo akipelekwa Hispania kununua dawa ya kifua.

Yafaa niseme pia kwamba hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe, walitembea Tandale wakiichora. Na tangu mwaka 2015 kazi iitwayo Ramani Huria iliendelezwa katika kata nyingi za mji, kwa mikono ya wakazi na ya wanafunzi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili kukabili mafuriko. Michoro yao iliingizwa katika OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuisahihisha. Mto, mifereji na njia za miguu tulivikuta tayari. Vijana wa mji wangu walikwisha kuifanya kazi hiyo miaka saba kabla ya usiku wangu wa tope, nami, niliyekuwa nikipita huko kila mwezi, sikuwa na habari.

Iliyobaki kwetu ilikuwa kazi ya maneno, nayo ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Katika hazina ya ramani ile kila kitu kina lakabu ya Kiingereza ambayo mashine huifahamu. Ilitupasa kuandika maneno yote ambayo mtu wa Tandale angeweza kuyatumia, na kuyafunga katika lakabu hiyo: duka la dawa, famasi, na "duka la dawa muhimu," jina la kiserikali lililoanza kutumika mkoani Ruvuma mwaka 2003. Mwanafunzi mmoja akaongeza "duka la madawa." Mimi nikalifuta, maana kwa miaka mingi nimelipiga neno hilo wino mwekundu. Akaniambia, "Mwalimu, mgonjwa tumsahihishe akisha kupona." Nikalirudisha.

Majina ya mahali nayo yalitushinda kwa namna nyingine. Watu wa Dar es Salaam huelekezana kwa Buguruni Sheli, kwa Magomeni Mapipa, kwa Mwembechai, ambayo hutajwa na watu wasiopata kuuona mwembe wenyewe, husema "Tandale kwa Mtogole" na "kwa Aziz Ali." Hakuna asemaye "pa Aziz Ali." Lugha yetu ina mahali pa namna tatu, kama ajuavyo kila aliyeketi darasani kwangu: hapa, pa kugusika, huku, kusiko na mpaka, na humu, mlimo ndani. Nukta ya ramani haijui ila "hapa." Tulipouliza "kwa Mtogole" ni wapi, watu wanne walituonyesha pembe nne, na kila mmoja alisema kweli, maana "kwa" ni kule kote. Ramani ikatulazimisha kuchagua pembe moja. Tulichagua kituo cha basi, na sina hakika kwamba tulifanya vyema.

Habari ya mto ilipata dawa yake kwa urahisi zaidi: tuliiambia mashine ipime kwa njia za miguu badala ya mstari wa hewani. Nilijivunia jambo hilo hata niliposoma kwamba si jipya. Kipindupindu kilipoua watu katika Soho, mjini London, mwaka 1854, tabibu John Snow alitia alama za vifo na za pampu za maji katika ramani. Katika ramani iliyotolewa mwaka 1855 alichora na mstari wa mahali palipokuwa sawa, kwa mwendo wa barabarani, baina ya pampu ya Broad Street na zile nyingine. Alijua kwamba mchota maji hana mbawa.

Tulipokaribia kumaliza, nilikwenda na mwanafunzi mmoja kwa yule mama wa dirishani. Tulimwamkia, nikamshukuru kwa usiku ule, nikamwomba ruhusa ya kumtia katika ramani. Alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Na mwizi naye ana simu?" Nikasema anayo. "Na mkaguzi wa leseni?" Nikanyamaza. Akatabasamu, akasema, "Wanaonijua wananijua, mwalimu," akarudisha pazia. Sikuuliza zaidi. Najua kwamba dawa iuzwayo bila ya kibali yaweza kuua, na najua nani angekufa usiku ule kama dirisha lile lisingalifunguliwa. Kila nikijaribu kuyapima mambo hayo mawili mkono hunitetemeka.

Hatukumchomekea nukta. Ukiiuliza leo ramani yetu, ukiwa umekaa kwa mama mdogo, jibu la kwanza ni duka lenye kibao lililo barabarani, mwendo wa dakika kumi na mbili, na mstari wa njia huuepa mto. Ni jibu jema, na mchana mimi hulifuata. Usiku hutoka kwa mlango wa uani, nikambishia hodi binti wa jirani, nikamwuliza.