Fuvu laini kama ganda la yai

Haya wadau, wiki hii madesa yamenizidi kimo, lakini kuna kesi moja ya somo la madhara siwezi kukaa nayo peke yangu.

Uingereza, Agosti 1950. Mfanyakazi mmoja wa kiwandani, kazi yake kuchovya vyuma kwenye madini yaliyoyeyuka, alirukiwa na tone likamuunguza mdomo wa chini. Kidonda kidogo tu. Kikageuka kansa, na baada ya miaka mitatu akafariki. Waajiri wakajitetea kwamba mwili wake ulikuwa na dalili za ugonjwa tangu zamani. Na kweli alikuwa nazo. Lakini mwaka 1961, katika kesi ya Smith v Leech Brain, Jaji Mkuu Lord Parker alimpa mjane ushindi. Ukimuumiza mtu kwa uzembe, unamchukua kama ulivyomkuta. Kama fuvu lake ni laini kama ganda la yai, shauri yako.

Kwa nini nawasumbua? Mama mdogo ana kisukari, mwaka wa tisa huu. Mwezi wa tatu alikanyagwa mguu na daladala kituoni. Kidonda kikagoma kupona, vidole viwili vikakatwa. Watu wa bima wakaleta barua: ni sukari, si gari. Basi mjomba akaja na ushauri wake, "Mwambieni akane, aseme hajawahi kuumwa."

Nikamjibu kwa adabu zote, "Mjomba, hapo tutapoteza." Kadi ya kliniki ipo, imegongwa mihuri. Ukidanganya hilo moja, nani atakuamini kuhusu gari? Halafu kadi hiyohiyo ndiyo shahidi wetu, inaonyesha hadi Februari miguu yote ilikuwa mizima.

Ila tusidanganyane. Korti hailipi ugonjwa wenyewe, inalipa kile ajali ilichoongeza. Hata yule mjane fidia yake ilipunguzwa, maana mumewe angeweza kupata kansa hata bila kuungua. Kwa hiyo dawa za sukari za kila mwezi mama mdogo atajinunulia kama zamani. Vidole ni habari nyingine.

Ijumaa nampeleka kwa daktari wake tuombe maelezo ya maandishi: mguu ulikuwaje kabla, ukawaje baada. Nanyi wenye ndugu wenye pumu, sukari au mgongo mbovu, tunzeni makaratasi yao jamani.

Ngoja nirudi kwenye madesa, UE haiko mbali. Alamsiki.